Dakika Sita za Mama Duara

Asubuhi ya Jumanne Mama Duara alifungua mlango wa ukumbi wa kituo cha zimamoto akakuta viti vimepangwa tena kwa mistari. Safu nne, viti sita sita, vyote vimeitazama meza ya mbele. Alisimama pale mlangoni, mkoba begani, akavuta pumzi na kuishusha. Miaka miwili sasa anaviacha kwenye duara kila akiondoka, na kila akirudi anavikuta kwenye mstari, na ukiuliza nani kavipanga, hakuna aliyevipanga. Mfagiaji anasema hakuvigusa. Watu wa zamu wanasema waliingia wakavikuta hivyo hivyo. Basi labda vinatembea vyenyewe. Akatupa mkoba mezani, akaanza kuvikokota kimoja kimoja, huku akivisema kama watoto wakaidi.

Jina la Mama Duara alipewa kwa ajili ya hivyo viti, na mwanzoni lilikuwa la kumcheka. Kabla ya hapo alikuwa mpokea simu wa kituo, miaka kumi na moja, kwenye kile chumba kidogo cha mbele chenye dirisha moja. Alikuwa hodari. Mtu akipiga simu analia, haeleweki, nyumba inaungua, yeye alikuwa anamtoa maneno taratibu mpaka anapata mtaa, nyumba na njia ya kuingilia. Makao makuu walipotafuta mtu wa kuongoza vikao vya tathmini, vile vya kukaa chini baada ya kila tukio na kuulizana tumefanya nini, wakamchukua yeye. Wakampeleka mafunzo ya wiki mbili, akarudi na bunda la karatasi kubwa, kalamu za wino mzito za rangi nne, na cheo cha mwezeshaji. Chumba cha simu akamwachia binti mmoja aliyemfundisha mwenyewe, akimkalisha kitini na kumsimamia begani mwezi mzima.

Kazi ile aliipenda, na ilikuwa inamtoa roho. Sharti la kwanza lilikuwa duara, ili asiwepo wa mbele na wa nyuma. Sharti la pili, mwenye cheo kidogo aanze kusema, mkubwa amalizie, kwa sababu bosi akishasema, wengine wote hukumbuka mambo vile vile alivyoyakumbuka yeye. La tatu, ulizeni kilitokea nini kabla ya kuuliza nani kakosea. Na la nne, ambalo alilivalia njuga kuliko yote: mtu akiwa anasema, hakatizwi. Ukitaka kumkatiza, Mama Duara atakuinulia kidole kimoja, hata hakutazami, na kidole kikiwa juu hata Mkuu wa kituo anafunga mdomo.

Masharti mazuri hayo. Sasa walete watu. Mkuu wa kituo alikuwa na ugonjwa wa "machache". Nina machache tu, atasema, halafu hayo machache yanakula robo saa, yanapita kwenye historia ya kituo, yanapita kwenye nidhamu, yanarudi kwenye historia. Alikuwepo na fundi wa mipira ya maji, mtu mzima mwenye mikono mipana, ambaye kila akiulizwa maoni anasema anaunga mkono aliyetangulia. Akianzishwa yeye, asiwe na wa kumtangulia, anasema anamuunga mkono atakayefuata. Wakamwita Naunga Mkono, na kwa jina hilo hakukosana na mtu. Dereva wa gari kubwa, rika la Mama Duara, yeye alikuwa mtu wa mambo ya pembeni. Mnazungumzia ngazi, yeye analeta habari ya tairi. Kwa ajili yake Mama Duara alibandika ukutani karatasi moja na kuiandikia juu KANDO, ili jambo lisilohusika liandikwe pale lingoje zamu yake. Karatasi ikajaa mistari kumi na moja. Zamu haikufika hata ya mmoja.

Nyumbani mumewe, fundi saa, mtu wa maneno ya kuhesabika, alikuwa akimtazama akirudi jioni ameng'ata meno, analalamika tangu mlangoni. Kwamba watu wazima na ndevu zao wanaogopa kusema walichokiona kwa macho yao. Kwamba ukiwauliza jambo wanaangalia dari kama limeandikwa jibu. Fundi saa anasikiliza, anataka kutia neno, mara kidole kinainuka. Anasubiri. Akijaribu tena, kidole. Siku moja alimwambia, "Mama watoto, simu yako inaita jikoni tangu umeanza kuongea." Watoto walicheka mpaka wakaweka vijiko chini. Yeye hakucheka. Alisema nyumba hii nayo ingefaa kuwekewa duara.

Lakini Jumanne ile haikuwa ya mzaha. Jumatano iliyopita karakana ya fundi seremala, mtaa wa tatu kutoka kituoni, iliungua ikaisha. Vitanda arobaini vya bweni, vimeshapigwa randa na vanishi, vimebaki majivu. Hakufa mtu. Lakini fundi seremala alisimama mbele ya geti la kituo siku ya pili, shati lile lile lenye masizi, akauliza swali moja tu: kutoka hapa hadi kwangu ni dakika mbili kwa gari, mlikuwa wapi? Kitabu cha simu kilionyesha simu iliingia saa nane na dakika kumi mchana. Kitabu cha geti kilionyesha gari lilitoka saa nane na dakika kumi na sita. Dakika sita, kwa kikosi kinachojisifu kutoka kwa dakika moja.

Mkuu alishampata mwenye dakika hizo. Nani anapokea simu? Binti. Nani anaita kikosi? Binti. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshapigwa chapa, imelala kwenye jalada la kijani, inangoja tu karatasi ya kikao ili makao makuu wasiseme hakuhojiwa. Na binti mwenyewe, katika maelezo yake ya maandishi, aliandika mistari miwili: nilipokea simu, nikaenda kuwaita. Basi. Mama Duara aliyasoma akataka kuyachana. Alimwita pembeni siku ya Jumatatu, akambembeleza, mwanangu, kama ulikwenda msalani sema, kama ulisinzia sema, jambo likisemwa lina dawa. Binti akasema hana la kuongeza. Alikuwa anamtunza mama yake mzazi aliyepooza, na kazi ile ndiyo iliyokuwa inawaweka mjini wote wawili.

Kwa hiyo Mama Duara alipokuwa akikokota vile viti alikuwa amekula kiapo moyoni. Leo watasema. Mtoto wa watu hatolewi kafara mbele ya macho yake, eti kwa sababu watu kumi na wanane wameamua kumeza mate.

Walipoketi, Mkuu akasema ana machache. Mama Duara alimwacha dakika tatu, heshima yake hiyo, kisha akainua kidole na kumshukuru. Akafungua kwa mwenye cheo kidogo, na mwenye cheo kidogo alikuwa binti mwenyewe. Binti alikaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti. Akarudia mistari yake miwili. Kati ya mstari wa kwanza na wa pili kulikuwa na nini? Kimya. Mama Duara alifundishwa kwamba ukimya ni chombo, usiukimbie, hesabu moyoni mpaka kumi, mtu atasema. Akahesabu mpaka kumi. Akahesabu mpaka ishirini. Kwenye thelathini fundi wa mipira akakohoa, wote wakamgeukia kwa matumaini, naye akasema anamuunga mkono aliyetangulia.

"Aliyetangulia hajasema kitu, kaka," Mama Duara akamwambia.

Fundi wa mipira akasema ndiyo, hilo hilo.

Akazungusha duara zima. Mmoja akasema yeye alisikia tu watu wanakimbia, akakimbia. Mwingine akasifu ushirikiano. Wa tatu akasema ya Mungu mengi. Dereva alitazama dari, akatazama ukuta, akatazama ile karatasi ya KANDO, akarudi kwenye dari. Na kitu kimoja kikazidi kumkera Mama Duara: kila aliyemkazia macho alikuwa anayakwepa ya kwake, lakini hawakuwa wanamkwepa Mkuu. Walimkwepa yeye. Yeye, anayewapigania. Maji yakamfika shingoni.

Akaweka kalamu chini, akawapa ukweli wao. Kwamba kwenye moto wanaingia bila woga, lakini kwenye neno moja wanatetemeka. Kwamba miaka miwili amezunguka mbuyu nao, amewawekea duara, amewafunga midomo wakubwa ili wadogo waseme, na leo mwenzao anakwenda kufukuzwa wamekaa kimya kama wageni msibani. Kwamba kuna mtu humu ndani anajua dakika sita zilikwenda wapi, na mtu huyo, yeyote awaye, amwangalie huyu binti usoni kisha aende akalale. Alisema kwa muda mrefu. Hakuna aliyemkatiza, maana hilo nalo aliwafundisha yeye.

Alipomaliza, Dereva akainuka. Alikwenda ukutani kwenye karatasi ya KANDO, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Dada, soma hapa."

Mama Duara akasoma. Ni mwandiko wake mwenyewe, wino wa kijani: kengele ya ukumbini haifanyi kazi.

Dereva akasema jambo hilo alilileta yeye miezi miwili iliyopita, siku walipokuwa wanazungumzia ngazi, akaambiwa tuliweke kando. Jumatano binti alibonyeza kengele kama inavyotakiwa. Ikalia gereji, ikalia stoo, ikalia chumba cha kubadilishia nguo, na kote huko hapakuwa na mtu, kwa sababu zamu nzima ilikuwa humu ukumbini, mlango umefungwa, kwenye kikao cha tathmini cha ule moto wa wiki iliyotangulia.

Loo. Mama Duara akameza hilo kwa shida, lakini akalimeza. Sawa, kengele ni mbovu, na yeye aliliweka kando, liandikwe. Akaliandika. Lakini haikuwa jibu lote, na yeye hakuwa mtu wa kuridhika na nusu. Kutoka chumba cha simu hadi ukumbini ni hatua sitini. Akamgeukia binti, akamwuliza, kengele ilipokosa kuleta mtu, ulifanya nini? Binti akasema alikuja mbio. Ilimchukua muda gani? Kama dakika moja. Halafu? Binti akatazama sakafu. Yeye Mama Duara alikumbuka vizuri kabisa binti alivyousukuma mlango siku ile, anahema, machozi yamemjaa, anasema moto. Sasa kama alifika baada ya dakika moja, hizo nyingine tano alikuwa wapi?

Mkuu akaona mwanya. Akasema haya ndiyo aliyokuwa akiyasema tangu mwanzo, na kama angeruhusiwa machache...

Mama Duara akainua kidole.

Mkuu akanyamaza. Na ukumbi wote, watu kumi na wanane, wakakitazama kidole. Si yeye, kidole. Dereva alikitazama, binti alikitazama, fundi wa mipira alikitazama kisha akafunika uso kwa mikono yake mipana. Mama Duara naye akakitazama kikiwa hewani, hakielewi. Halafu akatazama mlango, na kile kioo cha mlango, na kiti chake yeye kilichokipa kioo ubavu, pale pale anapokaa kila kikao. Mkono ukaanza kushuka wenyewe.

Ikamrudia. Jumatano ile fundi wa mipira, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, alikuwa anasema maneno ya kwake. Alikuwa anaeleza jinsi ule moto wa wiki iliyotangulia mpira ulivyomponyoka, na mwenzake akaungua mkono, na tangu siku hiyo hapati usingizi. Sauti ilikuwa inamkatika. Mama Duara alikuwa amemwinamia, hapumui, anaomba tu asikome. Pembeni, kwenye kioo, kulikuwa na kivuli cha mtu anagonga taratibu. Akainua kidole. Hakugeuka. Kwake ilikuwa sekunde.

Akamwuliza binti kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukuingia tu, mwanangu?"

"Ulinifundisha wewe, mama. Ulisema kidole kikiwa juu, hata moto usubiri."

Alikuwa amelisema, kweli. Alilisema kwa kuchekesha, siku ya kwanza ya kumpokeza chumba, na wote wawili walicheka. Binti akaendelea, na sasa alikuwa analia. Alisema aligonga mara tatu. Alisema alipoona kidole hakishuki alirudi mezani kumtuliza aliyepiga simu, akaja tena, kidole bado, akasimama pale kwenye kioo mpaka akashindwa ndipo akasukuma. Mbona hukuyaandika haya? Akasema angeyaandikaje. Kazi aliipata kwa mkono wa Mama Duara, ukaguzi wa kwanza alimsimamia yeye, mama yake mzazi alipougua aliyekwenda hospitali naye ni huyu huyu. Asingeweza kuandika jina lake kwenye karatasi ya Mkuu.

Na wale wengine waliokielekea kioo waliona. Dereva aliona, akadhani ni habari ya kitabu cha mafuta. Wawili wengine waliona wakadhani ni chai. Tangu Jumatano walikuwa wanajua, na tangu Jumatano wanamwonea haya mwanamke huyu aliyekuwa anawaomba kwa nguvu zote waseme ukweli, na ukweli ulikuwa yeye.

Mkuu, tumpe haki yake, hakuwa mkatili. Alisimama akasema mambo haya yana pande nyingi. Akasema kanuni inasema mpokea simu ndiye mwenye jukumu la kuita kikosi, kidole hakimo kwenye kanuni, na mama huyu amekitumikia kituo miaka kumi na mitatu, hakuna sababu ya kumpaka matope. Barua ipo tayari. Binti bado kijana, atapata kazi kwingine. Tufunike kombe. Na kuna waliotikisa kichwa, kwa kumpenda.

Mama Duara alihisi uso unamwaka. Kwa dakika moja, na dakika hiyo aliijua vizuri baadaye kuliko zote sita, alinyamaza kama wao walivyonyamaza. Alifikiria bunda lake la karatasi, kalamu za rangi nne, jina lake ambalo siku hizi hawamchekei tena. Akajua sasa ule ukimya una ladha gani ukiwa mdomoni mwako mwenyewe. Kisha akasimama, akachukua kalamu nyeusi, akaandika kwenye karatasi kubwa kwa herufi za kusomeka mpaka mlangoni: Mpokea simu alifika baada ya dakika moja. Mwezeshaji alimzuia mlangoni dakika tano. Akatia sahihi chini yake.

Akauliza kama kuna wa kuongeza, mkono wake ukiwa umefungwa ngumi ubavuni ili usiinuke.

Fundi wa mipira akafunua uso. Kila mtu alijua atakachosema.

"Mimi siungi mkono," akasema. "Nilikuwa nimeukabili mlango. Nilimwona huyu binti anagonga. Niliendelea kusema kwa sababu nilikuwa nimepata mtu wa kunisikiliza. Niandike na mimi."

Akaandikwa. Dereva naye akaomba aandikwe, na wale wawili waliodhani ni chai. Karatasi ilipopelekwa makao makuu Ijumaa ilikuwa na majina matano, na hakuna hata moja lililokuwa la binti.

Kwa fundi seremala alikwenda Mama Duara mwenyewe kumweleza. Alimkuta anachambua misumari kwenye majivu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante kwa kuja, na akaendelea na misumari yake. Hakumwambia amesamehe, naye hakuthubutu kuuliza. Jioni yake alimsimulia mumewe, mikono ameikalia. Fundi saa alisubiri mpaka akahakikisha amemaliza, akasema mganga hajigangi, akamletea maji ya kunywa.

Makao makuu walimwondoa kwenye vikao miezi mitatu, wakamrudisha chumba cha simu. Kengele ya ukumbini ilitengenezwa siku mbili tu baada ya barua yao, wakati kwa miezi miwili fundi umeme alikuwa hapatikani. Vikao navyo vilitakiwa kuendelea, hakuna aliyevitaka, Dereva akapendekeza binti, na Mkuu kwa aibu akakubali. Binti akauliza kama anaweza kubadili sharti moja. Mlango, akasema, utakuwa unaachwa wazi. Lakini upepo wa mchana pale ni mkali, na wiki ya pili mlango ukajifunga tena wenyewe.

Siku hiyo Mama Duara alikuwa na kitabu cha simu cha kutiwa sahihi na mkuu wa zamu. Hakikuwa kitu cha haraka. Alitembea zile hatua sitini, akafika kwenye kioo, akaona duara limekaa vizuri, viti vyote mahali pake, na Mkuu kasimama, anaeleza machache. Akainua mkono kugonga. Akaushusha. Akasimama pale na kitabu kifuani, akisubiri.

Binti alimwona kwa pembe ya jicho. Hakuinua kidole. Aliinuka kitini, akamwacha Mkuu katikati ya sentensi, akavuka duara na kufungua mlango wote.

"Kuna nini, mama?"

Mama Duara akasema hakuna kitu, ni kitabu tu, kinaweza kungoja.

"Usingoje," binti akasema. "Sukuma tu."